Kukomba mzinga wa gogo kwa tezo

Ukitaka kuchonga mzinga wa nyuki wa gogo, tafuta tezo kwanza, lile shoka lenye makali ya kukingama kama jembe, gogo baadaye. Huku kwetu Sikonge, Tabora, vijana wanakuja na shoka na patasi ya dukani, saa nne mikono imeshatoka malengelenge. Unahitaji tezo mbili: pana ya mpini mrefu, na ndogo ya mkono mmoja yenye makali yaliyopinda. Hiyo ndogo mwambie mhunzi akufulie kwa kipande cha springi ya gari, chuma chake kinashika makali. Noa upande mmoja tu. Ukinoa pande zote mbili itateleza juu ya mti badala ya kuuma.

Gogo liwe la mtundu au myombo, lililoanguka au lililoachwa na wavuna mbao, urefu mita moja hadi moja na nusu, upana kama sentimita 40. Kabla ya kuligusa pita serikali ya kijiji. Mninga nao ni mti mzuri, lakini huo ni wa vitanda vya maharusi. Ukiukata kwa ajili ya nyuki wazee watakucheka, na afisa misitu hatacheka. Mzinga wa gome ni rahisi zaidi, najua, ila mti uliovuliwa gome unakufa wima. Mimi siuchongi.

Lichonge lingali bichi. Likikauka utalia. Kabla ya kupasua, chora alama kwa mkaa kwenye ncha zote mbili, ili nusu zisije zikageuzwa wakati wa kufunga. Pasua kwa kabari za mti mgumu, uzifuatishe ufa unakokwenda. Usilazimishe unyooke: ufa uliofuata nyuzi ndio unaozirudisha nusu mbili zikashikana bila mwanya.

Sasa kukomba. Zuia nusu ya gogo kwa vigingi isibiringike. Kwa shoka, kata mikato ya kukingama, shibiri moja kati ya mkato na mkato, usifike kina chote. Kisha tezo kubwa ing'oe vipande vilivyo katikati. Panua miguu, gogo likae kati yake. Ugoko usiwe kwenye njia ya makali hata siku moja. Tezo ikianza kuchana nyuzi badala ya kukata, geuka uje kutoka upande wa pili. Ukikaribia mwisho weka kubwa chini, shika ile ndogo, upige taratibu ukitumia kiwiko, si bega.

Ukuta ubaki unene wa vidole viwili. Vijana wanapenda kuupunguza ili mzinga uwe mwepesi kupandisha. Subiri jua la Oktoba, mvua hazijaja: masega yatalegea na asali itamwagika chini, iliwe na sisimizi. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisikiliza. Panapolia tofauti na kwingine, acha hapo hapo. Ndani usilainishe, masega yanashika vizuri penye mikwaruzo.

Karibu na ncha ya mbele chimba mfereji mwembamba kuzunguka ndani, kifuniko kikae humo. Waunda mapipa wa Ulaya walikuwa na chombo maalumu cha mfereji kama huo. Sisi tuna patasi na subira. Kifuniko cha nyuma kisiingie kwenye mfereji, kibane kwa vijiti tu, maana huko ndiko utakakovunia.

Paka matope kwenye ncha, weka nusu zote kivulini zikauke polepole zisipasuke. Zikikauka, sugua nta kwenye nusu ya juu, funga kwa waya sehemu tatu. Kwenye kifuniko cha mbele toboa matundu mawili au matatu kwa chuma cha moto, ya kupita ncha ya kidole cha mwisho.

Ning'iniza kwa kulabu ya mti kwenye tawi, mbali na shina, nyegere asipate pa kusimama. Ncha ya mbele ishuke kidogo, maji ya mvua yatoke.