Unataka kujua watoto wachanga wa kata yako wanakufa na nini? Anza hivi

Kwanza ruhusa. Vitabu vya MTUHA, yaani vile vya kumbukumbu za wagonjwa na wazazi pale zahanati, vina majina ya watu, kwa hiyo nenda kwa mganga mkuu wa wilaya na barua yako, akikubali nakili umri, tarehe na sababu tu, majina yaache humohumo.

Ukipewa kitabu cha wazazi pale zahanati usikimbilie vifo, anza na waliozaliwa wafu, manake hapa ndo hesabu nyingi zinapotelea. Mtoto akipumua hata mara moja, au moyo ukadunda, huyo kazaliwa hai, akifa baada ya dakika tano anaingia kwenye vizazi hai na kwenye vifo pia. Sasa unakuta mstari umeandikwa mtoto mfu afu pembeni Apgar (alama za hali ya mtoto akizaliwa, 0 mpaka 10) ya dakika ya kwanza ni 2, wakati mtoto mfu Apgar yake ni 0, hapo muulize mkunga aliyekuwepo, na muulize kwa upole maana wengi wanaogopa kulaumiwa.

Waliofia nyumbani humo hawamo. Hao waulizie kwa mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ya jamii, na ukifika kwa mama aliyefiwa mpe pole, mwache aongee anavyoweza.

Kwenye sababu ukikuta "moyo kusimama" bado hujapata kitu, kila anayekufa moyo unasimama. Rudi nyuma mpaka chanzo: kashindwa kupumua kwa ajili ya maambukizi, maambukizi yamemshika kirahisi kwa kuwa kazaliwa njiti wa wiki 30, basi chanzo ni kuzaliwa njiti. Siku 28 za kwanza zitenge, huko wanaua sana unjiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi, baadaye ndo nimonia, kuhara na malaria.

Hesabu sasa: vifo vya chini ya mwaka mmoja gawanya kwa vizazi hai vya mwaka huohuo, zidisha kwa 1,000. Tuseme vizazi 400, vifo 9, unapata 22.5, ukiongeza viwili vya nyumbani inaruka 27.5, ndo maana kata ndogo bora uunganishe miaka mitatu. Utafiti wa taifa wa 2022 Tanzania ulipata 33, na 24 kati ya hao ni wa mwezi wa kwanza, kwa hiyo ukipata 8 usishangilie, rudi vitongojini.

Matokeo waonyeshe wahudumu wa zahanati kabla ya diwani, wao ndo wanajua kama ambu begi ya watoto, kile kifaa cha kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, ilikuwepo miezi ile.