Namna ya Kukagua Massey Ferguson 135 Kuukuu Kabla ya Kulinunua

Trekta la Massey Ferguson 135 liliundwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na kwa mkulima wa korosho wa Newala au Masasi udogo wake ndio faida yake kubwa, kwa kuwa hupita katikati ya mikorosho iliyotandaza matawi chini bila kuyavunja. Injini yake ni Perkins ya dizeli yenye silinda 3, ujazo wa lita 2.5 na nguvu za farasi zipatazo 45.

Fika asubuhi, uguse injini kwa kiganja kabla ya maongezi yoyote. Ukiikuta ina joto, omba kurudi siku nyingine, kwani injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa ya moto na kusumbua ikiwa baridi. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili kwamba inaunguza oili.

Hidroliki, yaani mfumo wa kunyanyulia kwa nguvu ya oili, ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Pampu yake huendeshwa kupitia PTO, yaani mfumo unaopeleka nguvu ya injini kwenye shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, hivyo wenzo wa PTO usipoingizwa mikono ya nyuma ya kubebea zana hainyanyuki, na wapo wanunuzi walioondoka wakiamini pampu imekufa. Funga haro (zana ya sahani za kulainishia udongo), inyanyue mpaka juu, zima injini, kisha simamisha kijiti kando yake na utie alama ya mkaa usawa wa sahani ya chini, bila kuweka mguu chini ya haro. Kushuka polepole kunavumilika. Ikifika ardhini kabla hujamaliza kulizunguka trekta, mfumo wa kunyanyulia unavuja ndani na utahitaji fundi.

Ikiwa utafyeka majani kwa mashine ya PTO, tafuta lenye klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, trekta husimama huku shafti ya PTO ikiendelea kuzunguka. Kwenye klachi ya hatua moja, uzito wa visu vinavyozunguka unaweza kulisukuma trekta mbele ingawa umeshakanyaga, jambo ambalo ni hatari sana karibu na shina la mkorosho au karibu na mtu.

Mwisho, ikiwa chujio la hewa ni lile la oili, fungua bakuli lake na usugue oili kati ya vidole viwili. Udongo wetu wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Ukisikia chengachenga, huenda injini imekwisha kula mchanga, basi ondoa gharama ya kuifungua kwenye bei, na muuzaji akikataa, liache.