RMO wa familia kaacha masanduku ya makaratasi? Soma hapa kabla hamjachoma kitu

Bamdogo alikuwa Mganga Mkuu wa Mkoa, RMO kama wengi tunavyosema, miaka mingi tu, mikoa yenyewe siitaji manake wenzake wapo. Alipofariki tukakuta masanduku mawili ya bati, begi la ngozi lililoonjwa na panya, na mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani. Arobaini ilipopita binamu yangu akabeba rundo zima akampelekea mama mmoja wa mtaani anayeuza karanga, eti tunapunguza uchafu. Jioni nanunua karanga, nafungua kifungashio, nakuta nakala ya kaboni, mwandiko wa mashine, inasema "maji ya kisima cha soko yasichotwe mpaka" halafu karatasi imeishia hapo. Nilikimbia nyie. Nikakomboa kama nusu, nusu nyingine ilishaliwa na karanga.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimejifunza kwa hasara. Kama una baba, mama, babu au shangazi aliyekuwa RMO au DMO (Mganga Mkuu wa Wilaya) na sasa makaratasi yapo stoo, fanya hivi.

Kwanza kabisa USIPANGE. Najua mkono unawasha, unataka kuweka vyeti huku, barua kule, risiti nje. Acha. Piga picha kila sanduku lilivyo, lipe namba, kila bando lipe namba (sanduku 1, bando 3 hivyo hivyo), ndo ufungue. Mi nilikuta barua za kipindupindu zimebanwa pamoja na stakabadhi za mafuta ya gari, nikaona mzee alikuwa anachanganya mambo. Nilipokaa nikasoma nikaelewa kumbe hadithi yenyewe ndo ilikuwa mafuta: wilaya inaomba dawa na chokaa, vitu vipo stoo ya mkoa, gari halina dizeli, anaandika barua ya pili, ya tatu. Ningezitenganisha nisingeona chochote zaidi ya risiti.

Kuhusu kuyatunza, haraka haraka: usiyaanike juani hata kama yamelowa, yaweke kivulini penye upepo. Pini na stepo zenye kutu zitoe polepole, usivute. Seloteipu usiguse kabisa, na laminesheni ndo balaa zaidi, watu wanapeleka cheti cha 1968 stationery kikaunguzwe ndani ya plastiki wakidhani wanakitunza. Masanduku yasikae juu ya sakafu ya saruji, weka mbao chini, mchwa hana heshima ya daktari. Na zile karatasi za faksi zinazoteleza, zenye maandishi ya kijivu, piga picha LEO, zinafutika zenyewe hata ndani ya faili.

Picha za simu zinatosha, weka karatasi mezani karibu na dirisha mchana, flashi zima, ukurasa mmoja picha moja, mbele NA NYUMA, maana hawa wazee walikuwa wanaandika nyuma. Jina la picha lianze na namba ya sanduku na bando, halafu mwaka, mwezi, siku. Weka sehemu mbili tofauti, simu ikiibiwa usianze upya.

Sasa kazi tamu. Chukua karatasi moja kubwa uandike mstari wa kazi yake. Tafuta barua za aina hii tu kwa kuanzia: ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho, za kukaimu, za kupanda cheo, ruhusa ya kwenda masomoni, na ya kustaafu. Utaona kama njia fulani hivi. Wazee wa mwanzo wengi walisomea Makerere, waliofuata wakaanza kupitia shule ya udaktari ya Dar es Salaam iliyofunguliwa 1963, ambayo baadaye ikawa kitivo cha chuo kikuu na leo ndo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Halafu miaka kadhaa hospitali ya wilaya, anafanya kila kitu, kupasua, kuzalisha, kukagua machinjio. Halafu DMO. Halafu kozi ya afya ya jamii, wengine walipelekwa London, Liverpool au Antwerp, na akirudi ndo anapewa mkoa. Hapo ndipo watoto wengi wanapopotea, wanaona baba ameacha kutibu, wanadhani alishushwa. Hakushushwa. RMO mgonjwa wake ni mkoa mzima, na stetoskopu yake ni ripoti za wilaya.

Barua zenyewe zinasomeka kwa namna yake. Juu kuna Kumb. Na., hiyo inakuambia ilitoka jalada gani, na namba ya mwisho baada ya mkwaju mara nyingi ni folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwa hiyo hata zikichanganyika unaweza kuzirudisha kwenye foleni. Halafu "Yah:". Mwisho angalia "Nakala kwa", usiruke hapo! Barua ya kuomba magodoro ya wodi ambayo nakala imeenda kwa Mkuu wa Mkoa siyo barua ya magodoro tena, hapo kuna ugomvi.

Zisizo na tarehe je? Angalia kichwa cha barua. Kama bosi wa mkoa anaitwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa basi ni baada ya mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, na ukiona Katibu Tawala wa Mkoa, RAS, jua ni baada ya sheria ya tawala za mikoa ya 1997. Mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi ni kabla ya 1979, ndipo ukaitwa Kagera. Manyara haikuwepo kabla ya 2002, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni za 2012, Songwe 2016. Wizara nayo inabadilika jina kila mara, ukikuta lile refu la Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto hiyo ni kati ya 2015 na 2022. Kwa ujanja huo tu nilizipatia miaka barua kibao.

Halafu weka pembeni matukio ya nchi ujue utafute nini. Kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu, vyoo vinachimbwa, RMO gani hakuwa na faili la vyoo? Mpango wa chanjo ulianza 1975. Mpango wa kifua kikuu na ukoma 1977, ule wa Dk. Karel Styblo uliozaa njia ambayo dunia baadaye iliita DOTS (mgonjwa anameza dawa akisimamiwa), kwa hiyo zile ripoti za robo mwaka za wilaya zinazochosha kusoma, zenye safu za namba tu, usitupe hata moja, ndo malighafi yenyewe hiyo. Kipindupindu kikubwa 1977 na 1978. Tauni Lushoto kuanzia 1980. Mradi wa lishe Iringa miaka ya 80, watoto wanapimwa uzito kijijini. Mzee wako kama alikuwa upande wa Ngara mwisho wa Aprili 1994, tafuta kila kikaratasi cha wiki ile, watu kama laki mbili na nusu walivuka Rusumo ndani ya takribani saa 24 wakikimbia mauaji Rwanda. Na Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa huko 1983. Kwenye barua za miaka ile usije ukasoma "Juliana" ukadhani ni jina la mgonjwa, ndivyo watu wa kule walivyouita ugonjwa wenyewe kabla jina halijajulikana.

Ukiniuliza mimi, vyeti vya ukutani vina thamani ndogo kuliko vitu hivi vitatu: shajara za safari, logi buku ya gari, na madokezo. Dokezo ni ule mwandiko wa peni ndani ya jalada, afisa anamwandikia bosi, bosi anajibu chini, "Sikubaliani, tuongee." Ripoti ya mwaka inasema chanjo zilifika, dokezo linasema friji la mafuta ya taa lilizimika siku ngapi. Shajara ya bamdogo ina ukurasa mmoja siku nzima ameandika "mto umejaa, tumelala garini" basi, na kesho yake "mto umejaa."

Sasa la hatari. Utakuta majina ya wagonjwa. Orodha za ukoma, za kifua kikuu, majibu ya vipimo vya damu, na baadhi ya watu hao bado wapo kijijini au wajukuu zao mnasali nao. Usipige picha ukatupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, usisome kwa sauti. Funga kwenye bahasha, andika nje "majina ya wagonjwa" na namba ya bando, na sasa hivi tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, siyo suala la adabu peke yake. Yenye muhuri wa SIRI na majalada halisi ya serikali (siyo nakala yake binafsi) si mali ya familia, andikia ofisi ya Katibu Tawala wa mkoa husika au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa uwaeleze ulichonacho. Usiogope, hakuna anayekuja kukamata mjane. Zanzibar kuna Nyaraka zao Kilimani.

Usiwape hivi hivi lakini. Kwanza tengeneza orodha, bando kwa bando, mstari mmoja mmoja unatosha: "1/3, barua za kipindupindu na mafuta, nakala za kaboni, kurasa kadhaa zimeliwa." Nakala mbili, wasaini moja ubaki nayo, na waulize kabla kama familia itaruhusiwa kusoma na picha za harusi zitarudi.

Na vya pensheni toa pembeni mapema. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, iliunganishwa na mingine kuwa PSSSF mwaka 2018, mjane anaweza kudaiwa barua ya ajira ya kwanza, isije ikawa imezama ndani ya sanduku lililoshaondoka.

Kabla hujafunga kabisa, mtafute dereva. Seriously, siyo DMO mstaafu, siyo katibu wa afya, dereva wa ile Land Rover yenye namba za ST, za serikali, na akitoka yeye mtafute Bwana Afya. Kaa naye na logi buku mkononi, mwonyeshe ukurasa mmoja mmoja, rekodi kwa simu ukimwomba kwanza. Wa kwetu nilimpata anauza mkaa. Nilimsomea safari moja tu, kilomita na jina la kijiji, akakaa kimya kidogo akaniambia, "Hiyo siku tulibeba maiti ya nesi, daktari akakaa nyuma nayo, mimi nikamwambia aje mbele akakataa." Kwenye karatasi pameandikwa "ukaguzi wa zahanati."

Nimeandika maneno yake kwenye karatasi nyingine, na tarehe niliyoongea naye, nikaiweka ndani ya logi buku ukurasa huo huo.