Somo: Kuiandaa Nyumba na Mji Kabla Vita Havijafika

Wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo, walipoingia mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, watu wengi walijifungia ndani kwa hofu ya risasi, na baada ya siku chache kiu ndiyo iliyowatoa nje. Umeme ulikuwa umekatika, pampu za maji zikasimama, na wakazi wakashuka na vidumu hadi Ziwa Kivu, katika eneo ambalo kipindupindu si mgeni. Benki nazo zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Somo hili linafuata mpangilio huo: linaanza na vitu vinavyokatika mapema, kwa kuwa familia nyingi hufunga mabegi ya kukimbia na kusahau kwamba huenda zikakwama nyumbani kwa wiki nzima.

Hatua ya 1: Maji

Wataalamu wa misaada ya dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani za kunywa, kupika na kujisafisha. Kwa anayepanga chumba kimoja hesabu hiyo haiwezekani, kwa hiyo nashauri aanze na lita 5 kwa mtu: familia ya watu sita kwa siku tatu itahitaji lita 90, ambazo ni vidumu vinne na nusu vya lita 20. Kidumu kilichowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba kisitumike hata kama kimeoshwa mara kumi. Maji yaliyohifadhiwa yafunikwe vizuri na yabadilishwe walau kila baada ya miezi sita.

Maji ya ziwa au ya mto yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja; kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Mkaa ukiisha, tumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki, mradi isiwe na manukato na nguvu yake iwe asilimia 5 hadi 6: matone mawili kwa kila lita, koroga, subiri nusu saa. Visipopatikana vyote viwili, jaza maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi na uzilaze juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kama kuna mawingu.

Hatua ya 2: Fedha na karatasi

Weka noti ndogo ndogo ndani ya nyumba, kwa sababu pesa iliyomo kwenye simu haina msaada mtandao ukizimika au wakala akikosa noti. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na kadi za chanjo vifungwe kwenye nailoni pamoja na dawa za anayeugua kisukari, shinikizo la damu au maradhi mengine ya kudumu.

Hatua ya 3: Mahali pa kujikinga

Raia wa Ukraine hufundishwa kanuni ya kuta mbili: ukuta wa kwanza upokee kishindo cha mlipuko, wa pili uzuie vipande vinavyoruka, na wewe ukae kwenye korido isiyo na dirisha. Ni kanuni nzuri, ila imetungwa kwa nyumba za zege. Katika nyumba za mbao kama zilivyo nyingi za Goma, risasi hupenya kuta zote mbili, kwa hiyo kinga yenu ni kulala chini kabisa, nyuma ya magunia ya udongo yaliyopangwa mapema.

Hatua ya 4: Wajibu wa serikali

Finland ina mahandaki na vyumba vya kujikinga vipatavyo 50,500, vinavyotosha watu milioni 4.8 katika nchi yenye watu wapatao milioni 5.6, na baadhi yake wakati wa amani ni mabwawa ya kuogelea na maegesho ya magari. Sweden ilisambaza kijitabu cha maelekezo majumbani mwaka 2018, ikakitoa upya 2024. Mahandaki yana gharama ambayo serikali zetu zitaitumia kama udhuru, lakini kijitabu hakina gharama hiyo, wala jenereta yenye akiba ya dizeli katika kituo cha pampu, wala klorini iliyohifadhiwa kila mtaa kabla barabara hazijafungwa. Lipo pia jambo lisilohitaji hata fedha: Itifaki ya Kwanza ya 1977, inayoambatana na Mikataba ya Geneva, inazitaka pande zinazopigana ziepuke, kadiri iwezekanavyo, kuweka shabaha za kijeshi ndani au karibu na maeneo yenye watu wengi.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wanne, Bukavu: Tukitawanyika njiani, mtoto mdogo atajulikanaje?

Jibu: Mama, mshonee ndani ya nguo kitambaa chenye jina lake, majina ya wazazi, mtaa mnaotoka na namba ya simu ya ndugu anayeishi mji mwingine. Wakubwa waikariri namba hiyo kama wimbo. Mkipotezana, fikeni kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi maalumu ya kuunganisha familia.

Mwanachama wa Bujumbura: Mtoto akiharisha na zahanati imefungwa, tufanyeje?

Jibu: Ndugu, katika lita moja ya maji safi weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo bila kuacha kumnyonyesha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Akilegea au akishindwa kunywa, mtafutieni mhudumu wa afya yeyote aliye karibu.

Kijana wa Goma: Tumekuta bomu ambalo halijalipuka karibu na kisima. Tulisogeze kwa kamba?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Rudini kwa njia ileile mliyoijia, wekeni alama inayoonekana kwa mbali, wazuieni watoto, mkatoe taarifa kwa mkuu wa mtaa au kwa wanaotegua mabomu. Mpaka watakapofika, kisima hicho kihesabuni kuwa kimefungwa, na mrudi kwenye Hatua ya 1.