Kupanga Matembezi ya Miguu Sambamba na Msafara wa Magari ya Porini Karamoja

Msafara wa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne unapoelekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mara nyingi huwa na mtu mmoja au wawili ambao hawapendi kukaa kitini siku nzima, na ambao wangefurahi kushuka, kupita milimani kwa miguu na kuyakuta magari mbele. Jambo hilo linawezekana, na kwa maoni yangu hakuna namna bora zaidi ya kuijua nchi ile. Hata hivyo, ni lazima lipangwe pamoja na safari ya magari tangu mwanzo, kwa sababu mtembeaji anayeomba kushuka njiani, wakati kiongozi wa msafara amekwisha kupiga hesabu ya mafuta, maji na mahali pa kulala, huwavurugia wenzake wote.

Kazi ya kwanza ni kuchagua kipande cha kutembea. Barabara ya lami kutoka Nakapiripirit hadi Moroto haina faida kwa mtembeaji, na njia ya moramu (udongo wa changarawe) iliyonyooka tambarare humchosha bure huku magari yakimngojea juani. Tafuta mahali ambapo magari yana sababu yao ya kuzunguka au kukaa siku nzima, nawe una mlima wa kupanda. Mlima Moroto, wenye kimo cha mita 3,083, unafaa sana, kwa kuwa mji wenyewe uko chini yake na magari yanaweza kwenda kwenye njia mbovu za pembeni na kurudi jioni. Kwa mara ya kwanza nashauri mpande na kushukia palepale mlipoanzia, hata kama hamfiki kileleni, kuliko kuvuka mlima na kutegemea kukutana na magari upande wa pili. Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kinafikia mita 4,321, ni shauri jingine kabisa: kupanda kutokea Budadiri na kushukia upande wa Sipi huchukua siku kadhaa, na msafara wa mwisho wa juma hauwezi kungoja kiasi hicho.

Kuna mahali ambapo hutembei kwa hiari yako. Ndani ya Mbuga ya Taifa ya Bonde la Kidepo, ndani ya hifadhi ya Pian Upe na katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, panga mapema na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ili mfuatane na askari wao. Kwa Mlima Moroto, tafuteni kiongozi miongoni mwa Watepeth wanaoishi mlimani, maana vijia vinavyoonekana wazi mara nyingi huishia kwenye manyatta (maboma ya wafugaji) au kwenye maji ya mifugo, na mgeni hujikuta amepoteza saa mbili bila kujua. Kwa sababu eneo hili limesumbuliwa kwa miaka mingi na wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha, ulizeni hali ya usalama kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na kwa wanajeshi kabla ya kuondoka. Hapo Kiswahili hukusaidia kuliko unavyotarajia, kwa kuwa ndicho lugha ya kambini, nao hueleza vizuri wakiulizwa kwa heshima.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio unaoharibu mipango mingi. Watembea milimani hutumia kanuni ya zamani: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mji wa Moroto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kupanda hadi kileleni ni takriban mita 1,700, yaani karibu saa tatu za mwinuko peke yake, kabla hujahesabu umbali, jua na mapumziko. Magari nayo hayapimwi kwa kilomita. Penye mawe kila gari hupita peke yake, na likikwama moja yote husimama, hivyo msafara wa magari sita unaweza kumaliza asubuhi nzima kwenye korongo moja. Usiwaze kwamba gari lazima litangulie kufika.

Kwa sababu hiyo, andikeni saa tatu tofauti kwa kila mahali pa kukutana: saa ya kutarajiana, saa ya mwisho ya kungojana, na saa ambayo waliobaki huanza kutafuta. Safari moja sisi wawili tulishuka mapema kuliko tulivyopanga tukakaa chini ya mgunga, huku magari yakitungojea kilomita mbili upande wa juu wa mto, kila upande ukiamini mwenzake amechelewa. Tulikuwa tumekubaliana "kwenye mto", na mto ule ulikuwa na vivuko viwili. Tangu siku hiyo sikubali mahali pasipoandikwa kwa vipimo vya GPS, kwenye karatasi mbili, moja mfukoni mwangu na nyingine kwa dereva wa gari la mwisho. Simu isitegemewe, kwani mtandao hupotea ukiingia nyuma ya mlima. Ujumbe mfupi, hata hivyo, wakati mwingine hupita pale ambapo sauti haipiti.

Anza kutembea mapambazuko. Tukiwa karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima na giza huingia upesi, kwa hiyo panga kuwa umefika mahali pa kukutana kabla ya saa kumi jioni. Beba mwenyewe lita nne za maji, taa ya kichwani, nguo ya baridi na chakula cha kukuvusha usiku mmoja, kwa maana gari lenye blanketi lako huenda limezama kwenye udongo mweusi unaonata. Viatu viwe na soli nene, kwa sababu miiba ya migunga hupenya soli nyembamba.

Utakapokuwa karibu na magari yanayofanya kazi, tahadhari ni kubwa kuliko mlimani. Usisimame kamwe upande wa chini wa gari lililo kwenye mteremko. Winchi (mashine ya kuvutia gari kwa kamba) inapovuta, kaa mbali zaidi ya urefu wa kamba iliyotolewa, tena pembeni, kwa kuwa kamba ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua. Usimwelekeze dereva kwa mikono isipokuwa umeteuliwa. Waelekezaji wawili humchanganya.

Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo salama zaidi, kwani mvua za Karamoja huanza takriban Aprili. Nje ya miezi hiyo, jihadhari na mito ya mchanga, ambayo inaweza kufurika wakati juu yako hakuna wingu, kwa mvua iliyonyesha mlimani. Mkikuta maji yamejaa, kaeni upande mliopo, na karatasi ile ya gari la mwisho iwe imekwisha kutaja kwamba hapo ndipo magari yatakapowatafuta kwanza.