Kujibu swali la mtu aliyeua kwa hasira za ghafla: anza na mfuatano wa muda

Ukipewa, katika somo la sheria ya jinai ya Uganda, swali la mtu aliyeua kwa hasira, usianze kumwonea huruma wala kumlaani. Panga muda kwanza: marehemu alifanya nini, mbele ya nani, na kati ya tendo lake na pigo kulipita nini. Nilikuwa polisi huku West Nile kabla ya kusoma sheria, nikaandika maelezo mengi ya washtakiwa kwa Kiswahili. Maelezo yasiyoonyesha kipi kilitangulia kipi yanaweza kumnyima mtu utetezi wake wote wa kwamba alichokozwa.

Chukua swali ninalowapa vijana ninaowafundisha Arua. Kilabuni, jirani anamtemea mate mama wa mshtakiwa na kumwita mchawi. Mshtakiwa anakimbilia nyumbani, anarudi na panga, anamkata jirani hadi kufa.

Fungua sheria kabla ya kesi. Ni vifungu vya 192 na 193 vya Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kwa namba za zamani. Toleo jipya lina namba nyingine. Aliyeua katika ghadhabu ya uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapoa, ana kosa la kuua bila kukusudia tu. Tusi kwa mzazi linahesabika, lakini uliza: mwanawe alikuwepo, au alisimuliwa baadaye? Tena kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Usimpime mtu wa Koboko, huku West Nile, kwa macho ya Kampala.

Sasa lete kesi, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wananukuu kanuni na kuyaacha matukio. Soma mbili kwa pamoja, zote za Uganda, zote za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Katika Fabiano Kinene (1941), marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi uani kwa watu, nao wakaamini kabisa kwamba anawaroga. Kosa likawa kuua bila kukusudia. Katika Eria Galikuwa (1951), mshtakiwa aliogopa vitisho vya mganga aliyemdai fedha, akamuua. Hatia ya mauaji ya kukusudia ikabaki. Imani ya uchawi ilikuwepo kote kuwili. Kilichotofautiana ni tendo lililofanyika mbele ya macho, na hasira: woga peke yake hautoshi.

Rudi kilabuni. Neno “mchawi” lisikuvute: huyu hakuua kwa kuogopa kurogwa, aliua kwa tusi. Unachochukua kwa Galikuwa ni sharti kwamba aliyeua awe bado ndani ya hasira ya ghafla. Nyumba ikiwa hatua chache tu na alikwenda mbio, tetea kwamba hasira haikupoa. Akiwa alikaa akanoa panga, akala, akamwambia mkewe atakachofanya, utetezi umekufa. Swali likinyamaza, andika pande zote mbili na useme ni ushahidi gani ungeamua.

Fanya hivyo kwa makini, kwa sababu mauaji ya kukusudia bado yana adhabu ya kifo, ingawa tangu hukumu ya Susan Kigula ya 2009 jaji halazimiki kuitoa. Kosa dogo zaidi, yaani kuua bila kukusudia, ukomo wake ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa miaka michache.

Wala usiandike kamwe “mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha uchokozi.” Kesi ya Chacha Wamburo (1953) ilishasema si mzigo wake: ushahidi ukiugusa uchokozi, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuuondoa bila kuacha shaka.