Kabla hujauhamisha mwasumini, kagua shingo ya beleshi

Ukiamua kuhamisha maua ya miaka mingi, yawe asumini, kilua au bogenvilia, tayarisha vifaa wiki nzima kabla. Mpini wa jembe uwe mkavu, usicheze kwenye tundu. Panga la kukatia mizizi lipitishe tupa. Gunia na kamba viwe karibu. Mtaimbo kama huna, azima, kwa sababu Malindi hii unachimba mchanga laini na mara unagonga jiwe la matumbawe.

Sasa beleshi. Hapa nisikilize vizuri. Nyumba ya nyanya yangu kule Shela ilipouzwa, sikukubali mwasumini wake ubaki. Maua ya vikuba vya harusi zetu yalichumwa pale. Nikaingia dukani, nikachukua beleshi jipya, jepesi, linang'aa rangi. Sikuligeuza hata kulitazama nyuma. Nilichimba duara mpaka nikakuta mizizi minene imekumbatia jiwe, nikaingiza bapa chini yake, nikaulalia mpini kwa uzito wangu wote. Likakatika shingoni, pale lilipochomelewa. Nikaangukia shina, likapasuka katikati, na mkono ukateguka. Mti ukakaa shimoni mizizi wazi, jua la kaskazi linaupiga, hadi jirani alipokuja na mtaimbo baada ya adhuhuri. Tuliupanda kwangu Ganda. Haukutoa hata jani moja.

Kwa hiyo ligeuze beleshi papo hapo dukani. Bapa na shingo viwe chuma kimoja kilichofuliwa, na chuma hicho kiupande mpini shubiri moja au zaidi, kikazwe kwa ribiti. Ukiona alama ya kuchomelea, lirudishe, hata muuzaji akuapie. Likanyage begani, likipinda, liache. Na hata lililo imara ni la kuchimba tu. Kubinua ni kazi ya mtaimbo.

Ngoja mvua za masika zianze, Aprili hivi. Mwagilia jioni ya kuamkia kazi, punguza matawi, chimba mbali na shina, dhiraa moja kwa mti mkubwa. Ukimaliza osha vyuma na uvipake mafuta, hewa ya bahari inavila upesi. Vaa viatu vya kufunika vidole. Uliza bomba la maji limepita wapi. Na watoto wasisogee karibu na shimo.